Jibu: Barua pepe zimejaa, kazi zinanipita

Habari ndugu. Umesema unaacha barua pepe za Gmail bila kuzisoma ili zikukumbushe kazi, sasa ni maelfu na bosi bado anakudai ripoti.

Anza na mrundikano. Kwenye kompyuta, andika in:inbox older_than:30d kwenye sehemu ya kutafuta (yaani barua za kikasha, inbox, zenye zaidi ya siku 30), chagua zote (angalia, mwanzo inachagua za ukurasa mmoja tu, bonyeza maandishi ya juu kuchagua zilizobaki), kisha ziweke kwenye kumbukumbu (Archive). Hazifutwi, ukitafuta jina la mtumaji unazipata.

Zinazoingia sasa: ya kujibu haraka, jibu hapohapo. Yenye kazi, iongeze kwenye Google Tasks (orodha ya kazi ya Google) halafu itoe kwenye kikasha; kiungo cha barua kinabaki kwenye kazi. Hapa ndipo wengi wanakwama: wanaacha kichwa cha barua kilivyo. “Re: Ankara” haikuambii ufanye nini. Andika “Mpigie mhasibu, uliza ankara ya Machi”. Mimi hilo ndilo lililonisaidia kuliko programu yoyote.

Unazosubiri wengine wajibu, zipe lebo “Nasubiri” na uipitie kila Ijumaa. Kwa Outlook (barua pepe ya Microsoft), wanaoitumia watakuelekeza vizuri zaidi.