Neno lako likishuka Google, nani akwambie?

Wengi ninaowatengenezea tovuti hapa Unguja, wenye nyumba za wageni Jambiani, waongoza watalii wa Mji Mkongwe, wenye boti Kizimkazi, wana tabia moja. Asubuhi wakishika simu wanaandika neno la kutafutia kama "spice tour zanzibar" waone wako wa ngapi. Wakijikuta wa tatu, siku yao imenyooka. Mimi huwaambia waache. Google hupanga matokeo kwa kuangalia pia mtafutaji yuko wapi na anatumia lugha gani, na wewe uko Darajani. Mteja wako yuko Milano au Warszawa, anaandika kwa Kitaliano au Kipolandi, na anachokiona yeye sicho unachokiona wewe.

Kinachofaa ni arifa: kitu kinachoangalia kwa niaba yako, kinanyamaza pakiwa shwari, kinakushtua pakiharibika. Wala usiichanganye na Google Alerts. Ile hukujulisha jina fulani likitajwa kwenye ukurasa mpya, basi. Search Console, huduma ya bure ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti anavyoonekana kwenye utafutaji, nayo hutuma barua pepe kurasa zako zikiwa na hitilafu, lakini haina kitufe cha kusema "neno hili likishuka niambie". Hicho unakijenga mwenyewe au unalipia huduma kila mwezi. Kwa nyumba ya vyumba sita sioni sababu ya kulipia.

Vifaa vyenyewe ni vya bure. Unahitaji tovuti iliyothibitishwa Search Console, jedwali la Google Sheets, na skripti fupi, yaani maagizo ya kompyuta yanayoandikwa kwenye Apps Script ya Google, inayovuta data kupitia API ya Search Console, ule mlango ambao programu hupitia kuchukua takwimu. Utalazimika kufungua mradi Google Cloud, jukwaa lao la watengeneza programu, ili kuiruhusu hiyo API, kazi ya kuchosha kidogo lakini unaifanya mara moja tu. Kwa kuwa skripti inakaa kwenye kompyuta za Google, umeme ukikatika Paje yenyewe inaendelea na kazi yake.

Ukifika kwenye kuipangia saa ya kuamka, angalia. Waswahili wengi huteleza hapa: ukitaka saa moja asubuhi unachagua 7am, na ukichagua 1am utapata ujumbe saa saba usiku. Saa za eneo weka Africa/Dar_es_Salaam, maana Zanzibar haina jina lake kwenye orodha ile. Na kumbuka Search Console huhesabu siku zake kwa saa za California, ambako wako nyuma yetu kwa saa 10 au 11 kutegemea msimu. Juu ya hapo, takwimu kamili huchelewa siku mbili hadi tatu. Kwa hiyo arifa inayodai kukuambia habari za leo inakudanganya. Mimi hulinganisha wastani wa siku 7 zilizoishia siku tatu nyuma na wastani wa siku 28 zilizotangulia. Inatosha.

Sasa tuje kwenye jambo linalowashinda wengi, nalo si skripti. Ni kuchagua arifa ipige kelele kwa lipi.

Nafasi ya wastani ya tovuti nzima usiiwekee arifa kabisa. Oktoba 2024 Zanzibar ilianza kuwataka wageni wawe na bima ya Shirika la Bima Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Tovuti moja ninayoitunza ilikuwa na ukurasa wa maandalizi ya safari, na ukurasa ule ukaanza kuonekana kwa maneno ya bima, huko chini nafasi ya hamsini, sitini. Wastani wa tovuti ukaporomoka. Ungeangalia namba ile peke yake ungedhani kumeharibika, kumbe "spice tour" ipo pale pale na mibofyo haijatikisika. Septemba 2025 ikawa kinyume chake: Google iliondoa njia ya kufungua matokeo 100 kwenye ukurasa mmoja, roboti za kuchunguza nafasi, zilizokuwa zikihesabiwa kama watazamaji hata huko chini, zikakwama, na tovuti nyingi zikaona maonyesho (mara ambazo zimejitokeza kwenye matokeo) yakipungua huku nafasi ya wastani ikipanda. Watu wakapongezana kwa jambo ambalo hawakulifanya.

Kwa hiyo fuatilia neno moja ndani ya nchi moja. API inakubali uchuje kwa nchi, ukitumia vifupisho vya herufi tatu: ita, deu, fra, pol. Mwenye boti za pomboo Kizimkazi hana haja na maneno mia mbili. Anahitaji kumi au kumi na tano, yale yanayoleta watu wanaolipa. Fungua ripoti ya Utendaji ndani ya Search Console, panga kwa mibofyo, soma ya juu, halafu jiulize kwa kila neno: likishuka, nitafanya nini? Kama jibu ni "sina la kufanya", lifute.

Kiwango changu, ambacho unaweza kukibadili, ni hiki: neno liwe na maonyesho yasiyopungua mia kwa wiki, liwe limeshuka nafasi tatu au zaidi, na mshuko huo uwe umelitoa kwenye kumi za juu au umepunguza sehemu ya maonyesho inayoishia kwa mtu kubofya. Kutoka nafasi ya 34 kwenda ya 41 hakumuumizi mtu. Kutoka ya 3 kwenda ya 7 kunauma. Na angalia alama kwenye fomula yako, kwa sababu hapa namba ikikua wewe umeshuka. Nimeshaona jedwali la watu linalotuma pongezi kila tovuti inapoanguka.

Mibofyo usiilinganishe na ya mwezi uliopita pekee. Masika yakiingia Machi hadi Mei watafutaji wanapungua wenyewe, na Juni wanarudi. Search Console inahifadhi miezi 16, kwa hiyo unaweza kutazama wiki kama hiyo mwaka jana.

Kuna shimo moja ambalo skripti nyingi za kunakili mtandaoni zinalo. Bi mkubwa mmoja wa Jambiani alinipigia, baada ya salamu akaniuliza, "Mwanangu, Wataliano wamekwenda wapi? Simu hailii, barua haziji." Arifa alikuwa nazo, aliwekewa na kijana mwengine, na zilikuwa kimya wiki nzima. Nikafungua tovuti yake. Fundi aliyeitengeneza upya alikuwa ameacha alama kwenye kile kisanduku cha WordPress kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Maneno yake yote yalikuwa yakiondoka Google moja baada ya jingine.

Kwa nini arifa haikulia? Kwa sababu neno lisiloonekana kabisa halina nafasi. Search Console hairudishi sifuri wala 100, hairudishi kitu. Ule mstari haupo. Skripti ikipitia mistari iliyopo na kulinganisha namba, inakuta haina cha kulinganisha, inalala. Kushuka nafasi nne kungeiamsha, kufutika kabisa hakukuiamsha. Tiba yake ni kuanza na orodha yako mwenyewe ya maneno, si orodha inayoletwa na API. Kwa kila neno kwenye orodha, skripti iulize: umerudi? Kama mwezi uliopita lilikuwa na maonyesho mia nne na wiki hii halina mstari, huo ndio ujumbe wa kwanza kutumwa, kabla ya mwengine wowote.

Kwa sababu hiyo hiyo kila Jumatatu skripti yangu hutuma neno moja tu, "Nipo", hata kama hakuna kilichobadilika. Bila hivyo huwezi kutofautisha ukimya wa salama na ukimya wa skripti iliyokufa.

Ujumbe upeleke wapi? Barua pepe inatosha kwa anayeisoma. Mimi natumia boti ya Telegram, yaani akaunti inayotuma ujumbe yenyewe bila mtu, ambayo unaiunda bure kwa BotFather, msaidizi wa Telegram wa kazi hiyo, ndani ya dakika chache. WhatsApp ina masharti mengi zaidi kwa kazi hii. Ndani ya ujumbe weka neno, nchi, nafasi ya zamani na mpya, tofauti ya mibofyo, na kiungo cha ukurasa wenyewe. "Kuna mabadiliko" ni ujumbe wa kumtia mtu wasiwasi bure. "Escursione delfini, Italia, 4 kwenda 9, mibofyo 31 kwenda 12", yaani safari ya pomboo kwa Kitaliano, mtu anajua aanzie wapi.

Ukipokea ujumbe wa neno moja, fungua ukurasa huo kwa simu, uone kama unafunguka na kama bei na picha bado zipo. Kisha ukague anwani yake ndani ya Search Console. Halafu tazama nani amekupita. Mara nyingi utakuta ni majukwaa makubwa kama Tripadvisor au GetYourGuide, na hapo huna ugomvi nao. Tafuta neno jembamba zaidi ambalo wao hawajaliandikia, kama saa za boti kuondoka Kizimkazi Mkunguni au njia ya kufika Msitu wa Jozani kwa daladala.

Maneno yakishuka kwa pamoja, usiguse kurasa kwanza. Nenda kwenye ukurasa wa Google wa hali ya Utafutaji uone kama kuna sasisho kubwa la namna wanavyopanga matokeo linaloendelea. Kama lipo, Google wenyewe wanashauri usubiri limalizike, kisha uache wiki nzima ipite ndipo uanze kuchambua. Wakati huo mimi huzima arifa za kushuka na kuacha ile ya kufutika tu, maana ndiyo pekee inayohitaji mtu ainuke siku hiyo hiyo.