Babu Alikuwa Keya: Namna ya Kulitafuta Jina Lake na Kulitunza

Familia nyingi za Tanzania, Kenya, Uganda na Malawi zina babu aliyekwenda Burma na Keya, yaani King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Kumheshimu kunaanza na mambo manne: jina lake kama jeshi lilivyoliandika, namba yake, kikosi chake, na mahali alipopigana. Ukishayapata hayo, hata ukisimama mbele ya watu Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai au 20 Oktoba, unamtaja mtu, si "wazee wetu" kwa ujumla.

Anza na sanduku la nyumbani kabla ya intaneti. Tafuta cheti au kitabu alichopewa alipoachishwa jeshi, maana humo ndimo namba yake ilimoandikwa. Piga picha kila ukurasa, pande zote mbili, karibu na dirisha, bila flashi. Karatasi hizo zisipelekwe kwenye mashine ya leminesheni: plastiki ikishagandishwa kwa moto haitoki tena bila kuichana karatasi. Selotepu nayo huacha gundi ya njano inayoharibu wino. Bahasha ya karatasi inatosha, iwekwe juu, mbali na mchwa na mbali na joto la bati.

Nishani msizisugue kwa dawa ya kung'arishia shaba. Kila msuguo unakula maandishi. Nyota ya Burma ina ncha sita, na utepe wake una mstari mpana mwekundu katikati, bluu iliyokoza pembeni, na mstari wa rangi ya chungwa ndani ya kila bluu. Nishani za Waingereza za vita vya 1939–45 walizopewa askari wa Keya hazikuchorwa majina, hivyo kuikuta nyota peke yake hakuthibitishi ilikuwa ya nani. Zile za vita vya 1914–18 ni tofauti: igeuze, uitazame ukingoni kwa mwanga wa pembeni, utaona namba, jina na kikosi.

Sasa utafutaji. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ina orodha ya bure kwenye intaneti, lakini wengi huingia humo na kutoka na majonzi yasiyo na sababu. Orodha ile ni ya waliofariki tu, kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, au kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Babu aliyerudi salama akafa kijijini mwaka 1980 hayumo, na kutokuwamo kwake hakumaanishi kwamba hakupigana.

Kama alifia vitani na humpati, shida mara nyingi ni tahajia. Karani aliandika alivyosikia. R ikawa L, K ikawa C, irabu ya mwisho ikaanguka. Abdallah utamkuta kama Abdulla au Abdullah. Jina la baba huenda ndilo lililowekwa mbele, au likakosekana kabisa. Kwa hiyo jaribu kwanza namba peke yake. Kama huna, chagua kikosi, King's African Rifles au East African Artillery, kisha mwaka, usome majina yote moja moja. Inachosha, lakini ndiyo njia tunayoiamini zaidi. Familia ikisema "alizama baharini", angalia tarehe 12 Februari 1944: siku hiyo meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani, na wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki walikuwamo. Majina yao yako Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road.

Ukipata kaburi, maandishi kama 4. B. 12 yana maana ya eneo la 4, mstari B, kaburi la 12. Jiwe lisafishwe kwa maji na brashi laini tu. Chaki ya kuonyeshea herufi na dawa ya kufulia vinalila jiwe.

Kwa wapagazi wa vita vya kwanza, Carrier Corps, waliolipa Kariakoo jina lake, habari ni chungu zaidi. Walikufa kwa makumi elfu, kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, na wengi hawakuandikwa popote. Mwaka 2021 CWGC yenyewe ilikiri hadharani kwamba haikuwatendea sawa. Ukiwa na barua, hati ya misheni au kumbukumbu ya ukoo yenye jina na mahali alipofia, wapelekee. Wao hupokea ushahidi wa majina yaliyoachwa.

Na wapo walio hai. Watanzania waliopigana vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda mwaka 1978 na 1979, wa JWTZ na wa mgambo, ni wazee sasa, na hao hawahitaji kusubiri hadi tuwatafute makaburini Kaboya, walikozikwa wenzao. Keti na mzee asubuhi, si jioni akiwa amechoka. Simu ya kurekodia iwe kwenye hali ya ndege ili mlio usikate maneno. Nusu saa inatosha kwa siku. Muulize brigedi namba ngapi, kamanda alikuwa nani, walivuka Mutukula lini, walikula nini Masaka, nani alikuwa naye handakini Lukaya. Maswali ya vitu na mahali hufungua kumbukumbu. "Uliua wangapi?" huifunga, na wajukuu waonywe wasiliulize. Akinyamaza, mwache anyamaze, usizime simu. Mwisho mwombe ataje majina ya wenzake wasiorudi, ayataje polepole, na kijiji cha kila mmoja. Sauti hiyo ihifadhiwe mahali pasipopungua pawili, ikiwa na jina lake na tarehe, na nakala moja iende kwa familia za hao aliowataja.