Chembe zangu za oksidi ya chuma zinaganda kwenye bafa

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nipo Nyegezi, Mwanza. Nimetengeneza chembe nano za oksidi ya chuma za kubebea dawa, nikazivika sitrati. Kwenye maji zinatulia, ila nikizitia kwenye bafa ya fosfati (mmumunyo wa chumvi unaotunza pH) zinashuka chini ndani ya dakika 20. Nikimchoma panya zitamdhuru?

Jibu: Salama, ndugu. Panya mwache kwanza. Sitrati huzuia chembe zisishikane kwa chaji hasi tu. Chumvi ya bafa huizima chaji hiyo, na fosfati nayo inagombea nafasi ileile juu ya chuma. Damu ina chumvi kiasi hichohicho, kwa hiyo mabonge unayoyaona kwenye bika yatajitokeza mshipani pia, yanase kwenye mapafu, ini na wengu pamoja na dawa yako.

Hamia dekstrani (sukari ya mnyororo mrefu inayozivika chembe), tena uitie mapema, chembe zinapozaliwa. Yeyusha dekstrani yenye uzito wa molekuli 40,000, gramu 5, kwenye maji ml 10. Kando, katika ml 10 nyingine zilizopulizwa nitrojeni, yeyusha kloridi ya chuma III (yenye maji 6) gramu 1.5 na ya chuma II (yenye maji 4) gramu 0.64. Chuma II kimezidi kidogo makusudi, maana kingine kitaliwa na hewa. Changanya, dondosha amonia ya asilimia 7.5 huku ukikoroga hadi pH 10 au 11, kisha pasha nyuzi 60 hadi 65 kwa dakika 15. Ukipata rangi ya kutu badala ya nyeusi, hewa iliingia. Osha mpaka chuma huru kiishe. Hicho ndicho huzalisha radikali zinazoua seli.

Wengi huteleza kwenye maji. Bomba la Mwanza linanywa ziwani, na ule ukijani wa ziwa una endotoksini, sumu ya ganda la bakteria. Kunereka huiondoa, lakini dumu likikaa wiki bakteria wanaota upya. Otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo) ya nyuzi 121 inaua bakteria, endotoksini inabaki. Vyombo vya kioo vichome kavu nyuzi 250 kwa dakika 30, na tumia maji ya kuchanganyia sindano.

Hata ferumoxytol, chembe za aina hii zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2009 kwa upungufu wa chuma, iliongezewa onyo kali la mzio mwaka 2015: hutolewa kwa dripu isiyopungua dakika 15, mgonjwa akiangaliwa nusu saa.

Ukipima seli kwa MTT (kipimo cha rangi kinachoonyesha seli zilizo hai), vuta chembe kwa sumaku kabla ya kusoma. Weusi wake hunyonya mwanga, na seli zilizokufa zitahesabiwa hai.