Pesa za Mama Mkwe Si Karo Yako

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Busia upande wa Uganda. Mume wangu ni askari mstaafu, aliumia mguu kazini, na nyumba inaendeshwa na pensheni yake, laki nne kasoro kidogo kwa mwezi. Nilikuwa mwalimu wa cheti katika shule ya binafsi. Mwaka jana niliacha kazi nikarudi chuoni, maana serikali inataka walimu wote wawe na digrii. Jioni nafundisha watoto wa majirani, napata kidogo tu. Pesa hazitoshi. Mama mkwe ana miaka 84, tunaishi naye. Anapokea pesa za wazee zinazotolewa na serikali lakini anazifunga kwenye kitambaa, hachangii hata chumvi. Majuzi nilikopa kwake 50,000 za kuchapisha kazi ya chuo, akaenda kuwaambia mashemeji kwamba mimi ni mwizi. Milioni ya PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, tuliyopewa kupitia SACCO (chama cha akiba na mikopo) ya kufuga kuku niliiingiza kwenye karo, sasa viongozi wa SACCO wanaulizia. Mume anataka hesabu ya kila shilingi na anasema nirudi kufundisha. Niache masomo, au nimwambie achague kati yangu na mama yake?*
*Mama Mwanafunzi*

Marahaba, mwanangu. Kurudi darasani ukiwa na watoto watatu na mume asiyeweza kazi za nguvu si mchezo. Pole. Sasa tuongee.

Tuanze na hiyo 50,000. Mtu aliyeomba kwa mdomo akapewa kwa mkono haitwi mwizi, anaitwa mdaiwa, na mzee wa miaka 84 anaijua tofauti hiyo kuliko mimi na wewe. Wewe ulifungua kitambaa, binti yangu. Ulikifungua mwenyewe hayupo, ukajiambia utarudisha kabla hajajua. Ulidhani wazee hawahesabu.

Pesa hizo za wazee ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Nazo haziji kila mwezi, hulimbikizwa, halafu ajuza wa watu anajikongoja na kitambulisho chake kwenda kupanga foleni. Ulichochukua ni miezi miwili ya maisha yake. Ndiyo sabuni yake, sukari yake, dawa ya magoti, sadaka, na sarafu ya kumpa mjukuu ili naye ajione ni mtu ndani ya nyumba. Unasema hachangii hata chumvi. Hebu nikuulize: ukiwa chuoni, watoto wanarudi kwa nani? Msichana wa kazi hukumtaja, na kwa pensheni hiyo humuwezi. Baba yao ana mguu mbovu. Mwanamke anakulelea watoto bure kutwa nzima, nawe unamdai chumvi! Mla cha mwenziwe na chake huliwa, nawe kitambaa chako kitakuja kufunguliwa na mke wa mwanao.

Kwa mume niko upande wake, nasema wazi. Nimeisoma barua yako mara mbili. Pensheni yake umeitaja kwa kiasi. Milioni ya PDM umeitaja. Hata kilichomo kwenye kitambaa cha mama mkwe unakijua. Ila karo ya chuo hukuitaja ni ngapi, na malipo ya watoto wa jioni ni "kidogo tu". Mumeo anawaona wazazi wakija mlangoni kulipa. Anadai hesabu ya kila shilingi kwa sababu zako hazimo kwenye hesabu hiyo.

Na hapa siwezi kujizuia, maana barua za aina hii zimekuwa nyingi. Ndoa za siku hizi zimekuwa za simu mbili na namba mbili za siri. Pesa ya mume ni ya nyumba, pesa ya mke ni ya mke, na ya bibi ni ya yeyote aliyewahi. Ssenga, yaani shangazi wa kumfunda binti kwa Waganda, anamfunda binti siku nzima namna ya kumpokea mume, kumpikia, kumtandikia, halafu hakuna anayemfundisha kukaa na mume mwisho wa mwezi, daftari katikati, kila mmoja akataja chake. Wanaume nao si watakatifu. Wapo wanaokula pensheni baa na kurudi nyumbani kuuliza chakula kiko wapi. Wako si miongoni mwao, maana angekuwa hivyo ungeniandikia kurasa nne.

Masomo usiache. Hapo umenishangaza kwa kuuliza. Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 kweli inataka mwalimu awe na digrii, lakini haikumwambia mtu aache kazi ndipo asome. Walimu wenzako wengi walio kazini wanasoma likizo: Mei, Agosti, Desemba, na katikati ya mihula wanashika chaki na kupokea mshahara. Mumeo alisema urudi kufundisha. Hakusema uache shule, rudia sentensi uliyoiandika mwenyewe. Wewe ndiye uliyefunga mlango mmoja kwa sababu ya mwingine, labda kwa sababu ya raha ya kuitwa mwanafunzi tena, na raha hiyo siikatai, ila haiwezi kulipwa na mkongwe. Nenda chuoni uombe kuhamia masomo ya likizo. Uliza pia kwenye bodi ya mikopo ya wanafunzi, ipo tangu 2014, lakini usiweke matumaini makubwa, wanapendelea kozi za sayansi.

Milioni ya PDM haikuwa zawadi. Ni mkopo wenye riba ya asilimia 6 kwa mwaka, na inatakiwa irudi SACCO ili jirani yako naye apate. Nenda kwa viongozi kabla hawajaja kwako, mkiwa wawili wewe na mumeo, mseme ukweli, muombe kulipa kidogo kidogo. Usije ukakodi kuku wa jirani kuwaonyesha wakaguzi. Najua inafanyika, hata nguruwe wanakodishwa, na anayekodisha ndiye wa kwanza kwenda kusema.

Ya jikoni unayajua, ila moja nalisema. Acha kutoa pesa kwenye simu elfu tano tano. Kila ukitoa unalipa ada ya wakala, na juu yake kodi ya nusu asilimia ya serikali. Bandu bandu huisha gogo. Toa mara moja pensheni ikiingia, weka pembeni karo ya watoto ya muhula, kisha nunua mahindi kwa gunia baada ya mavuno upeleke mashineni, badala ya kununua posho, yaani unga wa mahindi, kilo kilo dukani kwa bei ya mwenye shida. Maharage vilevile. Mumeo ashike daftari, maana anapenda kuhesabu na mguu haumzuii kuandika.

Kabla ya hayo yote, mrudishie mama mkwe 50,000 yake. Itoke kwenye malipo ya watoto wa jioni, isitoke kwenye pensheni. Umpe mkononi, mbele ya mumeo na shemeji mmoja, uombe radhi kwa kinywa chako, usimtume mtoto. Na hilo la kumwambia mume achague kati yako na mama yake, lifute kabisa. Mimi jibu lake nalijua, nawe hutalipenda.