Maswali yenu kuhusu The Fellowship of the Ring ya Game Boy Advance

Toka nitaje hii gemu meseji zimekuja nyingi, na nimefurahi sana maana nilidhani niko peke yangu naikumbuka. Kwa ambao ndo mnaisikia leo, ni RPG (gemu ya kumkuza mhusika kadiri unavyocheza) ya mwaka 2002 ya Game Boy Advance (GBA), kifaa cha gemu cha mkononi cha Nintendo, imetoka kwenye kitabu cha J. R. R. Tolkien cha 1954. Unatembea na Frodo na wenzake, unapigana kwa zamu, unabeba pete ya uchawi yenye hatari. Haya twende.

Kaka, hii gemu imetoka kwenye filamu au kitabu? Mbona Frodo wa humu hafanani na yule wa kwenye filamu?

Imetoka kwenye kitabu, na hapo ndo utamu wake ulipo. Iko hivi, Tolkien aliuza haki za filamu na bidhaa za hadithi yake mwaka 1969, alafu hizo haki zikazunguka mikononi mwa watu mpaka ikafika wakati gemu za filamu za Peter Jackson wanazo kampuni ya EA, na gemu za kitabu wanazo kampuni ya Vivendi, ambao walizitoa kwa jina la Black Label Games. Kwa hiyo huyu wa kitabu hakuruhusiwa kugusa sura ya Elijah Wood, yule aliyemwigiza Frodo, wala muziki wala mavazi ya kwenye filamu, na yule wa filamu naye hakuruhusiwa kuchukua kitu ambacho kiko kwenye kitabu tu. Unakuta mwishoni mwa 2002 kwenye GBA hiyohiyo kuna gemu mbili za hadithi moja, The Fellowship of the Ring ya kitabu na The Two Towers ya filamu, na hazijuani kabisa. Hali ilikaa hivyo mpaka 2005 EA walipopata na haki za kitabu.

Watu wengi waliona ni hasara kukosa sura za filamu, mi naona ni faida kubwa. Filamu ya 2001 ilimruka Tom Bombadil mzimamzima, yule mzee wa msituni anayeimba muda wote na pete haimfanyi chochote, akiivaa hapotei! Toleo la konsoli kubwa (zile za kuchomeka kwenye TV) la gemu hii, la 2002, lilimweka. Ukiwa na haki za kitabu una haki ya kupotea njiani, na kile kitabu nusu yake ni kupotea njiani.

Nisome kitabu kwanza au nicheze kwanza?

Soma kwanza, dada yangu, hata kama ni sura kumi za mwanzo tu. Najua ni kirefu. Lakini gemu ya mkononi inakupa maneno machache sana, na shida hata sio nafasi, maana maandishi matupu ya kitabu kizima ni kama megabaiti moja hivi na katriji za GBA zilikuwa zinabeba hadi megabaiti 32. Shida ni skrini. Nukta 240 kwa 160, sasa hapo utaweka sentensi mbili tatu, ya nne ishabonyezwa ikapita. Chukua mfano mmoja tu, kwenye kitabu kati ya sherehe ya Bilbo, ndugu yake Frodo aliyemwachia pete, na siku Frodo anaondoka nyumbani imepita miaka 17, jamaa anaondoka ana miaka 50. Karibu miaka yote hiyo ameishi na ile pete mfukoni bila kujua ni nini. Ukishasoma hivyo, ile hatua ya kwanza unayopiga kutoka kijijini kwake inakuwa nzito kweli, ila kama hujasoma utaona ni kiramani cha kijani cha kuanzia gemu.

Mapigano ya zamu yananichosha, kwa nini wasingeweka ya kupiga papo kwa papo?

Nakuelewa, kuna sehemu hata mimi nilichoka. Ila fikiria mahobiti, jamii ya kina Frodo, ni watu gani, ni watu wafupi wanaopenda kula na kulala, sio wapiganaji. Ukiwapa upanga wakakata adui ishirini kwa dakika umeshaua hadithi. Zamu inakulazimisha kukaa na woga, unaangalia damu ya mhusika imebaki kidogo na adui ndo anafuata kupiga.

Kinachonisumbua mimi ni kingine, ni hii tabia ya RPG zote ya kumpandisha mtu levo kwa kuua. Frodo wa kitabuni hapandi levo. Anachomwa kisu pale kilima cha Weathertop na lile jeraha halimwishi, kila mwaka siku ileile linarudi, yaani mwili wake unapungua kadiri safari inavyoendelea wakati kwenye gemu unaongezeka. Na pete vilevile, RPG imetuzoesha kwamba kitu cha uchawi kikiwa kwenye begi kitumie, lakini hii ukiitumia inakula wewe. Toleo la konsoli walijitahidi, waliweka kipimo cha usafi wa Frodo, ukivaa pete kinashuka. Kwangu lile ni wazo zuri kuliko mengi niliyoona kwenye gemu za vitabu, maana linamfanya mchezaji aiogope silaha yake mwenyewe.

Nimepata katriji ila sina GBA, nina Nintendo DS. Itaingia?

DS ya kwanza na DS Lite ndiyo, zina tundu la chini kwa ajili ya katriji za GBA. DSi na 3DS hapana. Kama unatafuta GBA yenyewe chukua GBA SP ya 2003 kwenda mbele, ile ya 2001 haina taa kabisa kwenye skrini na mapango ya Moria hutayaona, utakuwa unageuzageuza mkono kutafuta mwanga.

Gemu imeganda, nifanyeje?

Zima, washa, rudi uliposevu. Ina hitilafu kweli na lawama nyingi ilizopata zilitoka hapo. Sevu mara nyingi, na kama nafasi ya sevu iko zaidi ya moja usirudie palepale, badilisha, ili moja ikikwama uwe na ya nyuma.

Mwanangu ana miaka tisa, Kiingereza bado kinamsumbua. Ataweza kucheza?

Peke yake hapana, maneno ni mengi. Ila kaa naye mama, we soma kwa sauti yeye abonyeze. Tolkien mwenyewe hadithi ya The Hobbit aliwasimulia wanawe kabla haijawa kitabu 1937, kwa hiyo kusomewa ndo njia yake ya asili. Anza naye pale kijijini, mfasirie majina ya vitu na nani anasema nini, msikimbie. Mkifika kijiji cha Bree, pale wanapokutana na yule mtu wa kwenye kona aliyefunika uso, simamisha umuulize yeye angemwamini au asingemwamini, alafu mwache achague mwenyewe cha kubonyeza.