Pembea zimeoza, tuanzie wapi?

SWALI: Assalaam aleikum, mzee wetu. Hapa kwetu Mji Mkongwe tuna kibustani cha zamani chenye ukuta wa mawe, na ndani mna sehemu ya watoto: pembea mbili zilizoliwa na kutu na kiteleza cha bati. Kuna mfadhili anataka kutuletea jumba la plastiki la kuchezea. Fundi anasema kwanza amwage zege uwanja mzima na aukate mti wa mkungu, eti mizizi inasumbua. Wengi mtaani wamekubali, mimi moyo unasita. Unatushaurije?
Mama wa watoto watatu, Unguja

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Huyo fundi asimwage hata karai moja.

Mtoto kuanguka ataanguka tu, la kuangalia ni anaangukia nini. Kwa hiyo fedha zianzie chini: kokoto ili maji ya masika yapite, kitambaa cha kuchujia juu yake, kisha mchanga safi wa sentimita 30, na nafasi tupu ya mita 1.8 kila upande wa kiteleza. Mbele na nyuma ya pembea iachwe kubwa zaidi. Mchanga msichote pwani. Una chumvi, na pwani zenyewe zinakwisha. Nunueni wenye kibali. Tena mnawajua paka wa mjini: wakiona mchanga, wamepata choo. Atafutwe mtu wa kupitisha reki kila asubuhi, na alipwe.

Mkungu uacheni. Saa saba mchana kiteleza cha bati kisicho na kivuli kinababua mapaja. Penye mizizi msichimbe, pembea ndiyo isogee.

Kuhusu kutu, msidanganywe na rangi mpya. Fukueni kidogo pale nguzo inapoingia ardhini, muigonge kwa nyundo. Ikibonyea, ing'oeni. Mpya iwe ya chuma kilichochovywa zinki, na kuchomelea kote kumalizike kabla ya kuchovya, kwani fundi akichomelea baadaye zinki inaungua na kutu inaanzia pale pale kwenye mshono. Minyororo itazameni pete zinapokutana, ndipo zinapolika. Na vizuizi vya ngazi visiwe na mianya ya kati ya sentimita 9 na 23: kiwiliwili cha mtoto hupita, kichwa kikakwama.

Ukuta wa mawe ya matumbawe upigwe chokaa. Mimi nimekulia kwenye chokaa, nawaambia: saruji huzuia unyevu na chumvi ndani, kisha lipu inabanduka na jiwe lake.

Tazameni Forodhani, ile bustani ya ufukweni hapo hapo Mji Mkongwe. Ile ilipangwa kuwa bustani miaka ya 1930, na ilipokarabatiwa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan hadi kufunguliwa upya mwaka 2009, kazi kubwa ilikuwa ile watu wasiyoipigia picha: ukuta wa bahari na mifereji.

Kabla ya sururu ya kwanza, pelekeni mchoro Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji huu ni Urithi wa Dunia tangu 2000, hata kibustani chenu kimo. Mfadhili naye mwambieni kwa adabu kwamba jumba lisubiri, kwanza agharimie mchanga na mshahara wa mtu wa reki.