Ilitoka mkononi mwa nani? Maswali yenu kuhusu vijana, sigara na pombe

Mwanangu wa miaka 15 alirudi kutoka matangani akinuka sigara. Hapa Luanda sote tunajuana. Nani alimpa? – Mama, Vihiga

Mama, huenda si mgeni. Kijijini sigara ya kwanza mara nyingi hutoka kwa mtu ambaye mtoto anamwita kaka, binamu au mjomba. Usiku wa matanga wazee wako hemani, vijana wako gizani nyuma ya migomba. Mmoja anawasha, sigara inazungushwa. Mwanao hajatoa hata shilingi. Kwa hiyo kumnyima pesa ya matumizi hakutasaidia. Ngoja asubuhi, mkiwa shambani au mnafua, umuulize kwa utulivu: "Ilitoka mkononi mwa nani?" Ukipata jina, mwendee huyo mwenyewe kabla ya kufika kwa chifu. Ndugu akiambiwa faraghani huona haya. Akitajwa barazani hukasirika, na mtoto hatakwambia kitu tena. Matanga yajayo mpe kijana kazi, kama kuteka maji au kugawa chai, na arudi na mtu mzima kwa saa mliyopatana. Tena tunawasihi wazazi: msimtume mtoto kumnunulia babake sigara. Anajifunza bei, na muuzaji anamzoea.

Agosti ya tohara inakaribia. Shemeji anasema busaa ni uji tu. – Baba, Bungoma

Si uji. Ni unga uliochachushwa kwa kimea cha wimbi, na ukali wake hubadilika chungu kwa chungu kadiri unavyokaa. Anayenywa kwa mrija hawezi kuhesabu alichokunywa. Sheria ya pombe ya 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Sherehe iendelee, ila vijana watengewe uji wa wimbi na soda mahali pao, chini ya mtu mzima asiyekunywa. Akipatikana aliyelewa hadi haamki, mlazeni kwa ubavu, msimnyweshe kitu, mumkimbize hospitali.

Niko kidato cha tatu, Njoro. Wenzangu wote wanavuta. Nikikataa nitatengwa. – Mwanafunzi

Chukua kalamu uhesabu darasa lako jina kwa jina. Wanaovuta huonekana, wasiovuta hawatambuliki, ndiyo maana wachache huonekana "wote". Ukipewa, sema "Mimi sivuti", kisha badilisha mazungumzo au uondoke. Ukitoa sababu ndefu watakujibu kila moja. Tafuta rafiki mmoja mkatae pamoja. Hilo ndilo husaidia zaidi. Kama umeshazoea, siku 3 za kwanza za kuacha huwa ngumu, lakini hamu yenyewe hupita baada ya dakika chache: kunywa maji, tembea.

Duka karibu na shule linauzia wanafunzi sigara moja moja. – Mzazi, Kisumu

Sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Kijiti kimoja ndicho mwanafunzi anachomudu kwa pesa ya chakula cha mchana. Pakiti nzima hawezi. Nendeni wazazi watatu mkaongee na mwenye duka kwa heshima. Akikaidi, mwoneni afisa wa afya ya umma. Kwa mtoto aliyekwisha kunasa, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni 1192 na haitozwi pesa.